Simu Moja, Vyumba Viwili

Kasuku alikuwa bado na mswaki mdomoni kazi ilipoanza.

"Mwambie baba yako chai iko mezani," mama alisema.

"Mwambie mama yako nimeiona, mimi si kipofu," baba akajibu, naye kasimama palepale mlangoni!

Ndiyo maana kaka yake alimbandika jina hilo la Kasuku. Baba, fundi wa friji, alikuwa amemkaribisha mdogo wake aje kuishi kwenye chumba ambamo mama alikuwa akiwasuka wateja nywele. Hakuuliza mtu. Tangu siku hiyo mama alihamishia viti vyake vya kusukia chumbani kwao, baba akawa analala sebuleni, na maneno yao yote yakapitia kwa mtoto wa darasa la sita. Neno likichelewa au likikosewa, anayegombezwa ni yeye. Jamani, huo ni uungwana gani?

Shangazi alisuluhisha mpaka akachoka. Mwishowe akawatafutia mshauri wa ndoa anayezungumza na watu kwa njia ya mtandao, kwa simu ya video. "Na hili likishindikana, basi kila mtu ashike njia yake," alisema. Kasuku aliyasikia hayo.

Jumamosi saa ya mshauri ilipofika, mama alikaa chumbani, baba sebuleni. Hakuna aliyekubali kumfuata mwenzake. Simu yenye kamera nzima ilikuwa moja tu. Basi unadhani nani aliibeba?

"Habari zenu," alisema mwanamke mwenye miwani kwenye kioo cha simu. "Nani angependa kuanza?"

"Aanze yeye aliyeleta balaa," mama alisema. Kasuku akakimbia sebuleni na simu.

"Aanze yeye aliyenuna," baba alisema. Kasuku akarudi mbio.

"Samahani," mshauri alisema, "naona dari, naona kandambili, naona dari tena. Nani ameshika simu?"

Kasuku alisimama katikati ya korido. Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamtoka. Akaiweka simu juu ya kigoda, akaiegemeza ukutani.

"Sibebi tena!" alipiga kelele. "Mna midomo, mna masikio, lakini kutwa wa kutumwa ni mimi! Mkikasirikiana nyinyi, nafokewa mimi! Mwenye neno lake alifuate hapa!"

Kasuku akaingiwa na hofu. Je, ameivunja nyumba kwa mdomo wake mwenyewe?

"Mtoto amesema kweli," mshauri alisema pale kwenye kigoda. "Siwezi kuwasaidia watu waliojificha. Nawasubiri."

Mama alitoka kwanza, kitana bado mkononi. Baba naye akaja, akijikuna shingo. Wakakaa sakafuni, mmoja upande huu wa kigoda, mwingine upande ule.

"Hukuniuliza," mama alisema, safari hii akimtazama. "Chumba kile ndiyo kazi yangu."

Baba akamgeukia. "Sikukuuliza kwa sababu nilijua utakataa. Nilikosea."

"Mwanangu, kazi yako imekwisha," mshauri alimwambia Kasuku. "Nenda kacheze. Yaliyobaki ni yetu watu wazima."

Waliendelea kuzungumza na mshauri kila wiki, bega kwa bega. Baba mdogo akahamia sebuleni hadi apate pa kupanga, na viti vya mama vikarudi mahali pake.

Jioni moja mama alimketisha Kasuku kwenye kiti kimojawapo, akaanza kumsuka.

"Tulikukosea, mwanangu," alisema. "Wapiganapo fahali wawili ziumiazo ni nyasi, nasi tulikufanya wewe nyasi. Mwenye neno na mwenzake humwambia mwenyewe. Likiwashinda, hutafuta msaada, wala si aibu. Mtoto habebeshwi ugomvi wa wazazi."

Mara sauti ya baba ikatoka jikoni. "Kasuku! Mwambie mama yako..."

Kandambili zake zikasikika koridoni, zikaja mpaka mlangoni.

"Mama Kasuku," alisema, "chai iko mezani."