Hesabu za Ujima

Kila asubuhi Saikal aliwatoa kondoo zizini, akachota maji mtoni, akanywa chai ya maziwa na kipande cha mkate, kisha akapanda juu ya paa la zizi na simu ya mama yake. Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya maradhi, na katika kijiji chetu mtandao haukujali nyumba nzuri wala mbaya. Kwa kina Saikal ulishika juu ya zizi tu, na hata hapo ilibidi usimame ukielekea mlimani.

Saikal alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna aliyemshinda kwa hesabu katika darasa lake. Mjini Naryn kulikuwa na shule ya bweni ya sayansi, na mwaka ule ilitoa nafasi moja tu kwa wilaya yetu. Mshindi wa mtihani wa hesabu wa mwezi wa nane ndiye angeichukua. Mwalimu wao, Gulsara, alikuwa amekwisha kumwandikisha.

Baba yake, Sanjar, alikuwa Moscow akijenga maghorofa ya watu. Kila alipopiga simu alisema neno lile lile: "Mimi napanga matofali tu, mwanangu. Michoro wanaisoma wengine. Wewe utaisoma." Saikal aliyashika maneno hayo kama ahadi.

Shule ilipofungwa, Mwalimu Gulsara alifungua kundi la darasa kwenye simu, akawaingiza wazazi wote. Akatuma ujumbe wa sauti.

"Wazazi wangu, nisikilizeni. Mtoto atazame video ya somo kwanza. Halafu afanye hesabu peke yake, anitumie picha hapa. Akikosea, msimrekebishe. Nataka kuyaona makosa yake, ndiyo yatakayonionyesha nimfundishe nini. Kazi yenu ni moja: mpeni simu, mpeni nafasi, mpeni saa moja bila kumtuma."

Maneno mazuri. Lakini kundi lile halikuwa la wazazi peke yao. Walikuwemo shangazi, wajomba walio Urusi, na majirani wasio hata na mtoto darasani, maana kwetu mtu akiomba kuingizwa huwezi kumwambia hapana. Kwa hiyo daftari la kila mtoto likawa hadharani kama nguo kwenye kamba.

Wiki ya kwanza Saikal alituma hesabu za sehemu, somo jipya. Mwalimu akazungushia tatu kwa rangi nyekundu. Haikupita muda ikasikika sauti ya Mama Ulan, jirani yao, mwanamke asiyeweza kunyamaza hata akiwa na chakula mdomoni.

"Jamani! Hata Saikal wa Mwalimu anakosa? Basi sisi wengine tulale!"

Watu wakatuma vicheko. Zuura, mama yake Saikal, aliisikiliza sauti ile akikanda unga, uso ukamwiva. Alikuwa mwanamke mchapakazi na mwenye haya nyingi, na kwetu aibu inauma kuliko njaa.

"Umenivua nguo mbele ya ukoo mzima," alimwambia binti yake.

"Lakini Mama, Mwalimu mwenyewe amesema anayataka makosa."

"Mwalimu haishi na Mama Ulan. Mimi ndiye ninayeishi naye!"

Hakuwa peke yake. Kila nyumba ilikuwa na aibu yake, na siku ya kukata manyoya ya kondoo, akina mama walipokutana, hapakuwa na mazungumzo mengine. Ndipo Mama Ulan akaleta shauri.

"Tunahangaikia nini? Nyumba ya Zuura aliijenga nani? Si sisi sote? Majani ya ng'ombe tunakata pamoja, kuta tunainua pamoja. Basi na masomo haya tuyafanyie ujima! Azamat wangu yuko nyumbani, chuo kimefungwa, na hesabu anazila kama karanga. Atafanya za wote. Zuura anajua historia. Mwenzetu Sonun afanye lugha. Watoto wanakili, tunatuma, kila mtu anapata tano."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," mwanamke mmoja akaitikia, na wote wakacheka kwa furaha. Tano ndiyo alama ya juu kabisa kwetu. Nani angekataa tano?

Saikal alikataa, ila kwa sauti ndogo.

"Mama, mimi naweza kufanya mwenyewe."

"Ukituma za kwako zikawa na makosa, na wenzako wote wana tano, watasema nini? Nakili, mwanangu. Hizo video zenyewe zinamaliza bando."

Akanakili. Siku za mwanzo roho ilimsuta. Baadaye akaona raha yake: hakuna kusimama juu ya zizi na upepo wa baridi, hakuna kuumiza kichwa. Dakika chache tu kazi imekwisha, na Mwalimu anatuma ua la pongezi. Uvivu ni mtamu, na mtoto si malaika.

Siku moja Azamat alikosea kuandika, badala ya sabini na moja akaweka kumi na saba. Darasa zima likatuma kumi na saba. Mwalimu Gulsara akaja kwenye kundi na sauti kavu: "Naona darasa langu limebaki na kichwa kimoja. Naomba mwenye kichwa hicho awarudishie wenzake vyao." Wazazi walicheka mpaka machozi, kisha wakamwagiza Azamat awe anaweka makosa madogo madogo, tofauti kwa kila mtoto. Na yeye, kwa ujinga wa ujana, akafanya hivyo. Mwalimu aliomba tena na tena kuwapigia watoto mmoja mmoja, lakini kila alipopiga aliambiwa mtoto yuko malishoni.

Mwezi wa nane ukafika. Zuura alimvalisha binti yake gauni jipya, Bibi yake, aliyeishi nao, akamtilia mfukoni vidonge vya maziwa yaliyokaushwa vya kutafuna njiani, na asubuhi wakaenda mjini. Baba alikuwa amewaambia wenzake wote kazini kwamba mwanawe anakwenda kufanya mtihani wa shule kubwa.

Saikal alipofunua karatasi alizitambua hesabu zile. Ndicho kilichomuumiza zaidi. Alikuwa ameziandika zote kwa mkono wake, mwandiko safi, mistari imenyooka. Alikumbuka hata jibu moja lilivyokaa kwenye ukurasa. Lakini njia ya kulifikia hakuijua, kwa kuwa hakuwahi kuipita. Alianza ya kwanza akaifuta. Akaruka ya pili. Kando yake mvulana wa kijiji kingine alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Muda ulipokwisha, karatasi ya Saikal ilikuwa na weupe mwingi kuliko wino.

Mama yake alimpokea mlangoni. "Umeziweza?"

Saikal akampita, akapanda gari la kurudi kijijini. Alilia njia nzima, na Zuura akawa anatazama dirishani, kwa sababu alikwisha kuelewa.

Matokeo yalipotoka, Mwalimu Gulsara alikuja kwa farasi. Bibi alimtandikia zulia, akammiminia chai, lakini chai ikapoa bila kuguswa.

"Mama Saikal," Mwalimu alisema, "huyu mtoto alikuwa na kichwa chake. Nilimwacha nacho mwezi wa tatu. Kiko wapi?"

Zuura aliinama. "Mwalimu, tulisaidiana tu. Ni desturi yetu."

"Desturi?" Mwalimu akacheka kicheko kichungu. "Mimi nimezaliwa wapi, si hapahapa? Watu wanaweza kukuinulia ukuta, nyumba ikawa yako. Je, jirani anaweza kukulia chakula, ukashiba wewe?"

Bibi akatikisa kichwa. "Hawezi," alisema. "Na aliyekula ni Azamat, ambaye alikwisha shiba zamani."

"Na mimi nina sehemu yangu," Mwalimu akaendelea. "Niliyaanika makosa ya watoto mbele ya kijiji kizima, nikadhani hamtaona haya. Kuanzia leo kila mtoto ananitumia mimi peke yangu. Na wewe, Mama Saikal, usimwulize tena kama ametuma. Mwambie akueleze alichofanya. Akishindwa kukueleza wewe usiyejua, ujue naye hajajua."

Saikal alikuwa amesimama karibu na mlango. "Mwalimu, na nafasi yangu?"

Mwalimu Gulsara hakuwa mtu wa kumdanganya mtoto. "Imekwenda, mwanangu. Ameipata yule mvulana. Mwaka kesho mtashindana wengi zaidi, nawe utakuwa umechelewa. Sitakuambia haitauma."

Jioni ile Zuura alipanda mwenyewe juu ya zizi, akaelekea mlimani, akaibonyeza simu. Majirani wote walimsikia kwenye kundi, shangazi na wajomba wa Urusi pamoja nao.

"Mimi ni Zuura. Binti yangu ameshindwa mtihani, na aliyemfanya ashindwe ni mimi. Niliogopa aibu ya makosa matatu, nikampeleka mjini akarudisha karatasi tupu. Wazazi wenzangu, kosa la mtoto analolifanya mwenyewe ni mali yake. Tano ya kunakili ni deni, na anayelipa ni mtoto. Nyumbani kwangu ujima wa hesabu umekwisha."

Mama Ulan hakutuma kicheko. Hakutuma kitu chochote, na kwake hilo lilikuwa jambo kubwa. Kesho yake alimleta Ulan, mwanawe aliyekuwa darasa moja na Saikal, kwa kina Saikal, akamwacha mlangoni na kusema bila kumtazama mtu, "Wakae pamoja. Waelezane. Asiandikiwe."

Baba alipiga simu siku ya mapumziko yake. Saikal alipanda juu ya zizi, akamweleza yote.

"Niliwaambia watu wote," Sanjar alisema, na sauti yake ilikuwa imechoka. "Haya. Hesabu ya kwanza ilisemaje?"

"Baba, wewe huzijui hesabu hizi."

"Sizijui. Ndiyo sababu nakwambia unieleze."

Saikal alifungua daftari. Hesabu ile alikuwa ameirudia mara nyingi, peke yake, hadi ikamkubali. Akaanza polepole. Baba aliuliza, akarudia, akakosea, Saikal akamrekebisha. Upepo wa mlimani ulikuwa umeanza kuwa wa baridi, na mjini watoto waliofaulu walikuwa wakihamia bwenini.

"Sasa nimeelewa," Baba alisema. "Hii umeipata mwenyewe, ni yako. Endelea na ya pili."

Saikal akajifuta machozi, akasogea pale mtandao unaposhika, akaendelea na ya pili.