Aliyekoroma Badala ya Ngurumo

Kilichomshtua kwanza mke wa Ngurumo ni kwamba mumewe alikuwa anakoroma vizuri mno.

Miaka yote ya ndoa, Ngurumo, fundi seremala, alikoroma kama msumeno kwenye ubao mbichi: unavuta, unakwama, kimya, kisha unashtuka na kuvuta tena. Majirani ndio waliompa jina hilo, naye akalipokea bila kinyongo. Daktari akaja kuwaambia kuwa ule ukimya wa katikati ni ugonjwa, kwamba koo linajifunga usingizini na pumzi inakatika. Akampa mashine ndogo ya kusukuma hewa, yenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua. Tangu hapo nyumba nzima ikapata usingizi.

Sasa alikuwa wodini, kapasuliwa ngiri, na mashine yake wameibeba kutoka nyumbani. Asubuhi nesi alisema waziwazi: "Mama, hizi dawa za maumivu zinamlegeza koo zaidi. Akisinzia tu, hata mchana, mvalishe." Mke akaitikia, akamvalisha shingo upande. Lakini mazoea yana taabu. Kwao ile ilikuwa mashine ya usiku, kama chandarua, na nani anashusha chandarua jua linawaka?

Halafu wifi yake akaja. Dada mkubwa wa Ngurumo alimpenda mdogo wake kuliko roho yake, ila ulimi wake haukuwa na breki. Alipomkuta na barakoa alipiga makofi. "Jamani! Mmemwotesha mkonga mdogo wangu!" Wageni alioandamana nao wakacheka. Mke akaona aibu, ile aibu ya kijinga ya kuogopa watu watasema nini wakati mgonjwa ni wako. Akamvua barakoa, akazima mashine, akamsugua mashavu ili alama za mikanda zipotee.

Ngurumo akaongea kidogo, akasinzia. Kukawa kimya. Kisha akaanza kukoroma, laini, sawasawa, bila kukwama hata mara moja.

"Mnaona? Kapona huyo," alisema wifi, akawatoa wageni kwenda kunywa chai.

Hapo harufu ikaja. Madirisha ya wodi yalikuwa wazi na jua limejaa sakafuni, lakini kitandani palinuka kama chumba kilichofungwa miaka na nguo mbichi ndani. Mke akainama ili asikie vizuri, na kadiri alivyosogea ndivyo mkoromo ulivyozidi kuwa mtamu, mpaka akaweka kiganja juu ya kifua cha mumewe, akangoja kitambo, akangoja tena, na mkoromo ukaendelea kutoka na kuingia huku kifua kimelala kimya kama meza.

"Usisikilize sauti. Tazama kifua," alinong'ona mtu.

Alikuwa mgonjwa wa kitanda cha pili, mlinzi aliyevunjika mguu.

"Hakipandi," mke alinong'ona.

"Aliyelala hapo kabla yenu alikoroma hivyo hivyo. Humu mna jini. Pumzi ya mtu ikikatika, linaingia kuimalizia."

"Mbona hukusema?"

"Niseme linigeukie mimi?" Mlinzi akavuta pazia.

Nesi alipita na sinia la dawa, akasikia mkoromo, akatabasamu. "Analala raha mgonjwa wetu." Mke akamkamata mkono, akaukandamiza juu ya kifua. Tabasamu likafa. Nesi akalitupa sinia, akamfunga Ngurumo barakoa, akawasha mashine. Hewa ikaingia kwa kishindo, mkoromo ukakatika, kifua kikapanda. Kucha zilizokuwa za bluu zikarudia rangi yake. "Nilikwambia, mama! Nilikwambia!" nesi alifoka, kisha akakimbia kumwita daktari.

Mke alilia kwa furaha. Alilia mpaka aliposikia kitu ndani ya mpira wa mashine, kwa mbali: kinavuta, kinakwama, kimya, kinashtuka.

Akaweka sikio kwenye mpira. "Baba watoto? Ni wewe?"

"Usizime," sauti ya mumewe ilisema mle ndani, ndogo, imechoka. "Inanisukuma kurudi. Usizime."

Alipoinua uso, yule wa kitandani alikuwa amefumbua macho, naye anasikiliza.

"Nivue hii," alisema, na mikono yake ikapanda taratibu kwenye mikanda, na mke akaikandamiza barakoa kwa viganja vyote viwili na kuilalia kwa uzito wake wote, akihisi vidole vya baridi vikibandua vyake kimoja kimoja bila haraka, huku ndani ya mpira msumeno ukikaribia, ukikwama, ukikaribia tena, umebakiza kiasi cha shubiri kufika kwenye barakoa, na hapo ndipo wifi aliporudi na kikombe cha chai na kumkuta mke wa Ngurumo amembana mgonjwa pua na mdomo.

"Unamuua!"

"Wifi, usiguse! Huyu siye! Nakuapia, huyu siye!"

"Dada," alisema wa kitandani, kwa sauti ya kudeka. "Nisaidie. Nakosa hewa."

Wifi akachomoa waya ukutani.

Mpira ukashusha pumzi. Ndani, msumeno ulivuta mara moja, ukakwama. Mke alingoja ushtuke. Alingoja akiwa amepiga magoti, mpira sikioni, mpaka daktari alipofika na kumwinua.

Daktari alipima, akafurahi. Hewa mwilini imejaa, alisema, hajaona mgonjwa wa aina hii akipumua vizuri kiasi hicho. Kesho wangemruhusu. Huenda hata mashine isihitajike tena.

Mgonjwa aliketi, akamshika dada yake mkono.

"Nyumbani kuna watoto?" aliuliza.

Wifi alicheka huku akifuta machozi. Dawa za usingizi hizi, zinamsahaulisha mtu hata wanawe.

"Wapo watatu, mdogo wangu."

"Wanalala mbalimbali?"

"Aa, wote chumba kimoja," alijibu wifi, akimpangusa jasho kwa upendo.