Abiria wa Mkwajuni

Fundi wa pancha, Ramdin, ndiye aliyeona kwanza. Alilizungusha tairi la nyuma la skuta ya Wajahat, akalipapasa, akatikisa kichwa. Tairi la mbele lilikuwa bado na vinyweleo vyake vya dukani, lakini la nyuma lilikuwa limelika, tena upande wa kushoto tu, upande ambao wanawake wetu hukaa wakining'iniza miguu.

"Shemeji kanenepa," Ramdin akasema. "Au unampakia kila siku mpaka Kanpur na kurudi?"

Wajahat alicheka kwa sababu alitakiwa kucheka. Shemeji aliyesemwa ni mkewe, Naushaba, na Naushaba hakuwa amepanda skuta ile kwa wiki tisa.

Alikuwa na mimba ya miezi sita. Mbili za kabla zilikuwa zimetoka, ya pili akiwa ameshaanza kumsikia mtoto akicheza, na daktari alimkataza kupanda chochote kinachorukaruka kwenye mashimo. Skuta yenyewe aliichagua yeye. Ilikuwa mpya, lakini imeundwa kwa sura ya zile za zamani: matako ya mviringo, taa moja kubwa ya duara, vioo viwili vyenye fremu ya kung'aa, rangi ya kijani hafifu, ya pistachio iliyomenywa. Marehemu baba yake alikuwa na skuta ya namna hiyo, naye alikulia amesimama mbele, katikati ya mikono ya baba, akishika usukani na kujiona dereva. Alitaka mwanawe asimame hapohapo. Wengine hununua kitanda cha mtoto. Hawa walinunua skuta.

Sasa, sisi watu wa Lucknow adabu imetuharibu. Wawili wakikaribishwa chai, kila mmoja atamwambia mwenzake aanze mpaka chai ipoe. Wajahat alikuwa amezidi, maana alikuwa na miaka kumi na minane ya kuuza vitambaa vilivyodariziwa pale sokoni Chowk, na mdomo wake ulishazoea kusema "karibu, keti" na "karibu tena" kabla kichwa hakijaamka. Na kama waume wote wenye skuta, hakuwahi kuondoka bila kugeuza shingo kidogo na kuuliza, "Umekaa vizuri?" Hakuiondoa skuta mpaka asikie nyuma yake, "Nimekaa, twende."

Mchana mmoja wa Juni, wiki chache kabla Ramdin hajaliona tairi lile, upepo wa moto ukivuma na watu wamejifungia ndani, alikuwa anarudi nyumbani kula. Alikuwa amemnunulia Naushaba koja la asumini, kwa kuwa mwanamke anayeshinda ndani anastahili walau harufu ya nje, akalitundika kwenye usukani. Kwenye ukuta wa makaburi ya zamani simu ikalia, naye akasimama chini ya mkwaju apate kivuli. Mama yake alimkataza tangu utotoni kusimama pale na kitu kinachonukia jua likiwa utosini. Lakini simu ilikuwa ya mkewe. Alitaka mtindi, na alikuwa na utani mwingi, na Wajahat aliirudisha simu mfukoni huku sauti ile bado imo sikioni. Akawasha skuta. Akageuza shingo.

"Umekaa vizuri?"

Akajicheka mwenyewe. Kisha kiti cha nyuma kikabonyea polepole, vile kinavyobonyea mwanamke anapokusanya nguo zake na kukaa. Hakuna aliyejibu. Ilikuja harufu tu, harufu ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na mwezi ule hata wingu hatukuwa tumeliona.

Hakumwambia mtu. Alijiambia ni joto. Lakini koja la asumini lilifika nyumbani limekauka rangi ya chai, na skuta ilianza kunywa petroli ya watu wawili. Halafu watu wakaanza kumpigia kelele. Mnajua kwetu kila mtu ni mlinzi wa mitandio ya wanawake; akiona ncha inaelekea kwenye gurudumu atapaza sauti hata kama hamjui mhusika. Wajahat akipita peke yake, muuza maziwa alipaza sauti kutoka upande wa pili wa barabara: "Dada, mtandio!" Siku ya pili ni mwanamke aliyekuwa na mtoto begani. Siku ya tatu ni askari wa barabarani aliyempungia mkono amwambie mkewe akunje nguo, kisha akamtazama tena, akafuta jasho na kumwachia njia haraka bila kusema kingine. Wajahat alitazama kwenye kioo cha kushoto akaona ncha ya kitambaa cheupe ikipepea, akageuka, akaona kiti kitupu.

Aliogopa, na aliona aibu kuogopa. Alipofika nyumbani alimuuliza Naushaba kama mtoto anacheza. Naushaba akamwambia anacheza sana, isipokuwa skuta inapoingia uani, hapo hunyamaza.

Asubuhi ya siku iliyofuata Naushaba alishikwa na maumivu ya mgongo. Madereva wa riksho walikuwa wamegoma, jirani mwenye gari alikuwa safarini, na kliniki haikuwa mbali. "Nipeleke taratibu," akasema. Wajahat alikuwa na nafasi ya kumwambia pale pale mlangoni, na hakumwambia. Hilo hajajisamehe mpaka leo. Alimfunga mtandio kiunoni kwa mikono yake, mafundo mawili, akamsaidia kupanda.

"Mbona kiti kimelowa?" Naushaba akauliza.

Wajahat akasema ni maji ya kuoshea. Akaondoa skuta polepole, bila kuuliza chochote.

Walipopita soko la mboga mkewe akamgusa bega. "Sogea mbele kidogo. Nimebanwa."

Wajahat alikuwa ameshasogea mpaka magoti yanagusa chuma cha mbele, na bado Naushaba alimwambia asogee, asogee, amebanwa, na sauti yake ilikuwa inatoka mbali zaidi kila mara, kama mtu anayesukumwa pembeni ya kitanda na aliyelala katikati, na ile harufu ya mvua ikajaa mpaka Wajahat akaionja kwenye ulimi, na kwenye kioo hakuona uso wa mkewe bali weupe mtupu uliokuwa unapepea, na barabara nzima ikaanza kupiga kelele mtandio, mtandio, naye akabana breki zote mbili bila kujali nani yuko nyuma yao.

Mtandio ulikuwa umejiviringa kwenye ekseli ya gurudumu la nyuma. Ncha nyingine ilikuwa imezunguka shingo ya Naushaba. Muuza vitunguu aliukata kwa kisu chake. Kiunoni mwa Naushaba, mafundo mawili yalikuwa bado yamefungwa, yamefunga hewa.

Daktari alitafuta mapigo ya mtoto kwa muda ambao Wajahat aliuona mrefu kuliko ndoa yake. Aliyapata. Jioni hiyo Wajahat alimweleza mkewe yote, akilia, naye Naushaba, alama nyekundu ikiwa shingoni, alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia aende kwa Mir Sahib.

Mir Sahib alikuwa mkaguzi wa tiketi za treni kwa miaka thelathini na mitano kabla ya kustaafu na kubaki na kazi ya baba yake, ya kusomea watu wenye mashetani. Alizifanya zote mbili kwa namna moja. Alimsikiliza Wajahat huku akimenya njugu, hakushtuka hata kidogo.

"Ulimkaribisha?"

"Nilimuuliza kama amekaa vizuri."

"Kwa hiyo ulimkaribisha. Ulimuuliza anakwenda wapi?"

Wajahat akasema hapana.

"Wiki zote hizi unampakia bibi wa watu, humwambii anashuka wapi. Mimi mwenyewe ningekasirika." Akapuliza maganda kiganjani. "Sasa tusikilizane, mwanangu. Abiria hashushwi kwa matusi. Anatajiwa kituo chake. Kesho saa ileile, mahali palepale, weka asumini kwenye kiti, mwambie: Bibi, umefika, shuka salama. Kisha nyamaza. Hutamuaga, wala hutageuka. Na maisha yako yote usimuulize tena mtu wa nyuma kama amekaa."

"Nikiiuza skuta?"

"Uiuze na abiria ndani? Ukiiondoa kabla hajashuka, ataingia nyumbani kukusubiri. Na nyumbani kwako kuna mahali pa mtu ambaye hajafika bado."

Kesho yake mchana Wajahat alisimama chini ya mkwaju. Mir Sahib alibaki upande wa pili wa njia, akisoma kwa sauti ya chini. Hapakuwa na mtu mwingine, hata kunguru. Wajahat aliweka koja kwenye kiti, akashika usukani kwa mikono miwili, akasema maneno aliyofundishwa. Mwanzo hakukuwa na kitu. Kisha kitambaa kikachakacha, springi zikalia, skuta ikainuka nyuma polepole kama iliyoondolewa gunia, na nyayo zikakanyaga majani makavu, moja, mbili, tatu, zikasimama. Wajahat alijua, bila kugeuka, kwamba bibi yule amesimama pale akimtazama mgongoni, akisubiri, vile anavyosubiri mteja aliyeshafungiwa mzigo wake, na kimya kile kilikuwa kizito na cha aibu, na miaka kumi na minane ya Chowk ikamjaa kooni, na kabla hajaufunga mdomo ulikuwa umeshasema, taratibu, kwa heshima zote:

"Karibu tena."

Nyayo zikaendelea mpaka ukutani, zikapotea. Mir Sahib alivuka njia akitabasamu, akamuuliza kama amenyamaza kama alivyoagizwa. Wajahat akasema amenyamaza.

Msichana alizaliwa Septemba, mzima, wakamwita Arfa. Tairi la nyuma lililika sawasawa pande zote. Naushaba alirudi kukaa kwenye kiti chake na kumfinya mumewe akikimbia sana, na Wajahat hakumuuliza tena kama amekaa. Alisubiri tu apigwe begani. Mara kadhaa alisema skuta iuzwe. Naushaba alikuwa akimuuliza kwa nini, wakati bibi yule ameshuka, naye alikuwa akichukua kitambaa na kufuta vioo.

Arfa alipofikisha miaka miwili na nusu, baba yake alimsimamisha mbele kwa mara ya kwanza. Ilikuwa mchana, jua kali, wanakwenda kumchukua Naushaba kwa mama yake. Naushaba alikuwa amelingoja jambo hilo tangu kabla ya mtoto kutungwa, na alishasema anataka kuwaona wakiingia getini hivyo. Arfa akashika usukani kwa mikono yote miwili. Wajahat akawasha skuta. Mtoto akatazama kwenye kioo cha kushoto, akatabasamu vile watoto wanavyomtabasamia mtu wanayemjua, akageuza shingo kidogo.

"Umekaa vizuri?" akauliza.

Hakuna aliyewahi kumfundisha maneno hayo. Nyumbani kwao hayakuwa yamesemwa tangu kabla hajazaliwa. Arfa alisubiri kidogo, kama anayesikiliza, akatikisa kichwa kukubali. Nyuma ya Wajahat kiti kikabonyea, na katika jua lile kavu ikapanda harufu ya mvua.

"Amekaa, Baba," Arfa akasema. "Twende."