Kitabu cha Nyimbo cha Mama Kristina

Kila Jumamosi asubuhi Raya alikuwa akifagia uwanja na kuosha vyombo, kisha anampitia rafiki yake Kristina waende pamoja kwenye darasa la uandishi pale Bigwa. Mwalimu wao, Orla, alitoka Ayalandi. Alikuwa ameandika riwaya tano na kufundisha chuo kikuu huko kwao kabla ya kuhamia Morogoro, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko subira yake. Aliwataka wanafunzi waandike walichokijua. Aliyeandika habari za majumba ya Ulaya alirudishiwa daftari lake palepale.

Basi Raya aliandika habari za mama mmoja mwanakwaya asiyejua kusoma. Kila Jumapili mama huyo hushika kitabu cha nyimbo na kufunua kurasa kwa kumtazama jirani yake, kumbe nyimbo zote ziko kichwani. Mwalimu Orla aliisifu sana hadithi hiyo, akasema Raya ndiye atakayesoma siku ya wazazi.

Jambo moja Raya hakulisema. Mama huyo alikuwa mama yake Kristina. Kristina alimwambia siri hiyo siku walipokuwa wakifua sare za kwaya mtoni, akamsihi isitoke pale. Raya alijifariji kwamba hakuna ubaya, kwani katika hadithi alimwita mama huyo Theresia.

Siku ya wazazi darasa lilijaa. Raya alisimama mbele, akasoma aya ya kwanza bila kukwama. Alipoanza ya pili, macho yake yalitangulia mstari mmoja, yakaona alichokuwa amekiandika: kitabu kilichovikwa jalada la karatasi ya mfuko wa saruji, likashonwa kwa uzi mwekundu. Bigwa nzima ilikijua kitabu hicho. Mama Kristina alikuwa benchi la tatu, anamtabasamia. Kando yake Kristina alikuwa ameinamisha kichwa. Alikwishaelewa.

Raya aliacha kusoma. Mwalimu alimhimiza aendelee. Mzee Mwinshehe, baba yake Raya, alikohoa kwa wasiwasi.

"Siwezi kuisoma," Raya alisema. "Hadithi hii si yangu."

Minong'ono ikaanza. Mzazi mmoja alisema kwa sauti kwamba watoto wa siku hizi wanajua kunakili tu. Mzee Mwinshehe akatazama sakafu. Raya angeweza kujitetea kwa sentensi moja, lakini sentensi hiyo ingemwaibisha Mama Kristina mbele ya watu wote. Akakunja karatasi, akarudi kukaa huku machozi yakimlengalenga. Iliuma sana.

Wazazi walipoondoka, Raya alimweleza mwalimu ukweli wote. Kristina alisimama mlangoni. Mwalimu Orla alivua miwani, akakaa kwenye dawati kama mwanafunzi.

"Riwaya yangu ya kwanza ndiyo iliyonipatia kazi ya chuo kikuu," alisema. "Ilikuwa habari ya shangazi yangu. Nilimbadilisha jina, kama ulivyofanya wewe. Kijijini walimtambua kwa baiskeli yake ya kijani. Mpaka anakufa hakunifungulia mlango tena."

Raya alimgeukia rafiki yake na kumwomba msamaha. Kristina alisema bado amekasirika. Halafu akasema wafuatane nyumbani kwa kina Raya, ili amwambie Mzee Mwinshehe kwamba binti yake hakunakili. Zaidi ya hapo hatasema kitu.

"Sikilizeni," mwalimu aliwaambia kabla hawajatoka. "Mwandishi hutazama watu vizuri, na wewe Raya unaweza. Lakini siri uliyokabidhiwa si mali yako. Omba ruhusa kwanza, na ukinyimwa, andika jingine."

Jumamosi iliyofuata Raya alileta hadithi mpya, iliyosomwa kwanza na Kristina. Ilikuwa ya msichana aliyekaribia kumwaibisha mama wa rafiki yake. Siri yenyewe haikutajwa, wala kitabu, wala kwaya. Jina moja tu lilikuwa la kweli. Msichana huyo aliitwa Raya.