Mbwa Aliyekula Kitini

Katika nyumba hii kazi huanza pande mbili kwa pamoja. Uani, baba wa nyumba hupiga randa mbao zake. Yeye ni seremala. Sebuleni, mkewe husuka nywele za wateja. Katikati yao yupo Bibi, mama mzazi wa msusi. Kazi ya Bibi, kama anavyosema mwenyewe, ni kuwasimamia wote wawili.

Bibi ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwona mbwa siku msusi alipomleta.

"Huyu ni mbwa, au ni ngozi iliyoanikwa?" aliuliza.

Mbwa alikuwa wa kahawia, mkubwa wa mifupa, lakini nyama hana. Alitoka kwenye kituo cha kuokoa wanyama. Kituo kilikuwa kimejaa. Kiliomba watu wa kulea mbwa kwa muda, mpaka wapatikane wa kuwachukua moja kwa moja. Kituo hutoa chakula na dawa. Mlezi hutoa nafasi na uangalizi. Msusi alikuwa amejitolea.

"Mke wangu," seremala alisema, "umeleta mgeni au umeleta mgonjwa?"

"Yote mawili."

"Ana jina?"

"Bado."

"Basi anaitwa Ufito. Nina fito kule uani zimemzidi unene."

Jina likashika.

Ufito alikula kwa pupa. Baada ya muda aliinamisha kichwa, na chakula kikatoka. Kilitoka bila shida, kikiwa kizima, kimeviringika kama soseji. Kisha akakila tena.

"Mlafi huyo!" Bibi alisema. "Amejaza mpaka kikafurika."

Bibi akampunguzia chakula. Msusi alipoona mbavu zinazidi kutokeza, akamwongezea kwa siri. Njia zote mbili hazikusaidia. Ufito aliendelea kukonda.

Msusi akampeleka kwa daktari wa mifugo pale kituoni. Daktari alikuwa mama wa makamo, asiyependa maneno mengi.

"Anatapika kila siku, daktari," msusi alieleza.

"Kabla ya kutapika, tumbo linajikunja? Anajikakamua?"

Msusi alifikiri. "Hapana. Anainama tu, kinamwagika. Kama mtoto mchanga anavyocheua maziwa."

"Hapo umenisaidia. Huyu hatapiki. Anacheua. Anayetapika anatoa chakula kilichofika tumboni. Anayecheua anatoa ambacho hakikufika."

Ufito akapigwa picha ya eksirei. Daktari aliiinua kwenye mwanga na kuonyesha kwa kidole.

"Huu ni umio, mrija unaotoa chakula kooni kukipeleka tumboni. Kwa mbwa mzima, misuli yake husukuma tonge mpaka chini. Kwa huyu misuli imelegea. Mrija umetanuka kama soksi iliyokwisha lastiki. Chakula kinalala humo humo, kisha kinarudi."

"Dawa yake ni ipi?"

"Tumempima damu. Hatukuona ugonjwa mwingine wa kutibu. Dawa ya kuukaza umio wake sina. Lakini njia ipo. Kama misuli haisukumi, chakula kishuke chenyewe kwa uzito wake. Ale akiwa wima, kifua juu, makalio chini. Akimaliza, abaki hivyo hivyo kama dakika ishirini. Mumpe kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, chakula kilichopondwa kikawa laini."

"Mbwa akae wima? Atakaaje?"

"Anatengenezewa kiti."

"Mume wangu ni seremala!"

"Basi huyu mbwa ana bahati." Daktari alitabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nikwambie na upande wa pili. Chakula kikiingia kwenye mapafu, kinaleta homa ya mapafu. Ameshaugua hivyo mara moja. Mwili umekwisha. Mlete nimpime mwisho wa mwezi. Kama bado anapungua, sitamwacha afe njaa polepole huku bakuli limejaa. Nitamdunga sindano alale, asiamke."

Msusi alirudi nyumbani. Alipomweleza mumewe, seremala aliweka randa chini.

"Mwisho wa mwezi huu huu?"

"Huu huu."

Seremala akainuka. Alikwenda kuchagua mbao.

Viti vyake vilijulikana mtaa mzima kwa migongo yake. Aliilaza kidogo kwa nyuma, kiasi cha kumpumzisha mtu. Alipenda kujisifu kwamba mteja akishakaa, kumsimamisha ni kazi. Kiti cha Ufito nacho alikitengeneza hivyo. Kilikuwa kirefu na chembamba, chenye mto laini, na mbele kina kibao cha kuwekea bakuli. Mgongo aliulaza.

"Mbona kama kimelala?" mkewe aliuliza.

"Mimi nakufundisha kusuka?"

"Daktari alisema wima."

"Wima ni namna ya kusema. Mgongo ulionyooka kama ukuta unachosha. Niachie kazi yangu."

Ufito alijifunza kukaa upesi. Siku za kwanza chakula kilichorudi kilipungua, na nyumba nzima ikafurahi. Kisha akaanza kukohoa. Pumzi ikawa ya haraka. Asubuhi moja alikataa kula kabisa.

Msusi hakusubiri. Alipiga simu, na daktari akaja siku ile ile. Alimpima joto na kumsikiliza kifua pande zote mbili.

"Ni mapafu tena. Mmeniita mapema, na hilo ndilo litakalomwokoa." Alimdunga dawa, akawaachia nyingine ya kuendelea nayo. Kisha akasema, "Nionyesheni kiti."

Seremala alikileta kwa mikono miwili.

"Kizuri sana," daktari alisema.

"Asante."

"Kizuri kwa babu anayetaka kusinzia. Kwa mbwa huyu ni hatari."

Bibi alijifanya anakohoa ili kuficha kicheko. Seremala hakucheka.

"Daktari, kazi hii naijua."

"Sibishani na kazi yako. Njoo uone."

Daktari alichukua kipande cha boksi, akakikunja kikawa mrija. Akauinamisha sawa na mgongo wa kiti. Alitia ndani vumbi la mbao lililoloweshwa maji. Vumbi likaganda njiani. Kisha akausimamisha mrija wima. Lote likadondoka chini.

"Chakula chake hakina cha kukisukuma," alisema. "Kinategemea kudondoka tu."

Seremala aliuchukua mrija. Akaujaribu mwenyewe, umeinama, halafu umenyooka. Akarudia.

"Na mgongo hautamuuma?"

"Mgongo wake ni mzima. Kibovu ni umio. Wewe umetibu mgongo."

"Nimetibu mgongo," seremala alikubali.

Daktari alikuwa ameanza kufunga mkoba wake alipoona bakuli nyuma ya mlango. "Na maji haya ni ya nani?"

Macho yote yakamgeukia Bibi.

"Mnaniangalia nini?" Bibi alisema. "Nilimwonea huruma. Kiumbe ana kiu. Na maji si chakula, yanapita yenyewe."

"Kwa huyu hayapiti, mama. Maji ni mepesi, yanarudi haraka na kuingia kwenye mapafu. Mchanganyieni maji ya kutosha ndani ya chakula, ayapate akiwa kitini. Akionyesha kiu zaidi, mpeni vipande vidogo vya barafu, navyo akiwa kitini. Chini asipewe kitu."

"Barafu!" Bibi alishika kiuno. "Mimi mwenyewe sijawahi kuletewa barafu humu ndani."

Lakini bakuli aliliondoa kwa mkono wake.

Jioni hiyo seremala aliubomoa mgongo wa kiti. Alipoujenga upya alitumia timazi, ile kamba yenye kipande cha chuma ambayo waashi hupimia ukuta. Alihakikisha kwamba mgongo umenyooka sawasawa na kamba. Akapunguza upana ili Ufito asitelezee upande. Mbele akaweka mkanda laini wa kumshika kifua.

Tangu hapo Ufito alikula sebuleni, akiwa wima kati ya wateja wa msusi. Baada ya kula alibaki kitini, akitazama watu kwa utulivu.

"Na huyu naye anasubiri zamu?" mteja mmoja aliuliza.

"Ana miadi," msusi alijibu.

"Atasuka mtindo gani?"

"Wewe angalia kichwa chako. Cha kwake kina nafuu."

Bibi ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. Mgeni aliyethubutu kumtupia Ufito kipande cha mkate sakafuni alikiona cha moto. "Chini hapewi kitu!" Bibi alifoka. "Unataka kutuulia mtoto?"

Kikohozi kikaisha. Siku zikapita bila chakula kurudi. Mbavu zikaanza kufichika. Lakini macho hudanganya, na seremala alilijua hilo. "Tungoje mzani," alisema kila mkewe aliposhangilia.

Mwisho wa mwezi walikwenda kituoni wote watatu. Ufito alipandishwa kwenye mzani. Daktari alisoma. Akamshusha, akampandisha tena.

"Kuna nini?" msusi aliuliza.

"Nahakikisha." Daktari akainua kichwa. "Ameongezeka kilo tatu."

Alimsikiliza kifua, akachukua muda wake. "Na mapafu ni safi."

"Na ile sindano?"

"Sindano ya nini? Nani anamdunga mbwa anayenenepa?"

Msusi alipiga kigelegele. Mbwa wote wa kituo wakabweka. Bibi alimkumbatia daktari pamoja na mkoba wake. Seremala aliusogelea mzani na kuusoma mwenyewe.

"Tatu na nusu," alisema. "Msiipunje ile nusu."

Sasa Ufito aliweza kutafutiwa makao ya kudumu. Aliyejitokeza alikuwa fundi viatu, mtu wa umri mkubwa, anayefanya kazi nyumbani kwake kutwa. Alikuwa na muda, na mbwa huyu anahitaji mtu mwenye muda. Alikuja kwa siku kadhaa kujifunza. Mwalimu wake alikuwa seremala.

"Kwanza mkanda. Halafu bakuli. Ukimaliza, usimteremshe, hata akikulilia."

"Na akikohoa?"

"Akikohoa, akihema haraka au akikataa chakula, unampigia daktari siku hiyo hiyo. Usiseme nitaona kesho."

"Nimeelewa. Na akishapona, kiti nikirudishe?"

"Haponi," seremala alisema. "Lijue leo, usije ukavunjika moyo baadaye. Umio wake utabaki vile ulivyo. Atakula kitini maisha yake yote. Lakini mtazame."

Msusi alikuwa ameingia na bakuli. Ufito aliliona. Alikimbia mpaka kwenye kiti, akapanda mwenyewe, akageuka, akakaa mgongo ukiwa umenyooka. Kisha akamtazama fundi viatu, akingoja mkanda.

Fundi viatu alimfunga. Ufito alikula mpaka bakuli likang'aa. Wakakaa naye, wakazungumza habari za ngozi na mbao mpaka muda ukatimia. Hakuna kilichorudi.

"Sasa mteremshe," seremala alisema. "Ni wako."

Fundi viatu alibeba kiti begani na kushika kamba kwa mkono mmoja. Walishuka barabara hivyo, majirani wakitazama. Alikuwa akihangaika kwenda sambamba na Ufito, aliyetangulia mbele akivuta kamba kwa nguvu za mbwa aliyeshiba.