Gauni la Kina Campbell

Mumbi alishuka garini na sufuria ya pilau mikononi, akasimama palepale kama aliyepotea. Alikuwa ameambiwa Wakenya wa Minnesota wanakutana Jumamosi hiyo kwenye bustani kubwa ya Eagan, waje na chakula na watoto. Lakini mbele yake hapakuwa na Mkenya hata wa dawa. Kulikuwa na mahema meupe, wazee wa Kizungu wenye magoti mekundu kwa jua la Julai, vijana wanarusha magogo marefu kama nguzo za stima, na mlio wa zumari za mfuko uliojaa hewani hadi ukamtetemesha kifua. Wanaume wote walikuwa wamevaa sketi.

Akamsogelea mmoja aliyempa mgongo. Sketi yake ilikuwa nyekundu, yenye miraba ya kijani na mstari mwembamba mweupe, imekunjwa marinda yaliyolala sawasawa.

"Excuse me, sir. Natafuta—I mean, I'm looking for the Kenyan picnic."

Yule mwanamume akageuka. Alikuwa mweusi wa maji ya kunde, mrefu, ana ndevu zilizochongwa vizuri na macho ya kucheka.

"Picnic ya Wakenya iko upande ule mwingine, nyuma ya kidimbwi," akajibu kwa Kiswahili cha Kericho. "Lakini dada, hiyo pilau ikipitia hapa haitafika."

Mumbi alicheka hadi mfuniko ukatikisika. "Na wewe umefanya nini, umekosa suruali?"

"Hii ni kilti, bwana, vazi la Waskoti! Na kitambaa chake cha miraba ni tartani ya ukoo wetu. Mimi ni Ken Kiprono MacGregor."

"MacGregor wa wapi, na hiyo Kiprono?"

"Wa babu yangu. Alikuwa Mskoti, fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha majani chai, akamwoa nyanya yangu wa Kikipsigis kanisani, mchana kweupe, watu wakishangaa. Baba akapata jina, mimi nikapata jina na kilti. Unataka kuniuliza kingine, au kwanza nikubebee sufuria?"

"Ibebe. Mimi ni Mumbi, wa Thogoto. Na kabla hujajigamba sana na Waskoti wako, unajua jina la kwetu limetoka wapi? Wamishenari walipofika, wazee wetu hawakuweza kutamka *Scot*. Wakasema Thogoto."

Ken akasimama katikati ya nyasi, sufuria mikononi. "Kwa hivyo wewe ni Mskoti kuliko mimi!"

Hiyo pilau ilifika nyuma ya kidimbwi imechelewa sana. Lynette, rafiki yake Mumbi tangu siku za chuo cha uuguzi, aliipokea akamkonyezea jicho. "Ulienda kupika upya? Na huyu mwenye rinda ni nani?"

Simu zikaanza siku hiyohiyo. Ken alikuwa akiwafundisha wagonjwa kutembea upya katika kliniki moja ya Golden Valley. Mumbi alikuwa nesi Saint Paul. Walipigiana wakati wa lunch, wakapigiana kwenye parking.

"Mskoti wangu, umekula?"

"Nimekula, bwana marinda. Shift inaisha saa tisa. Wewe?"

"Mimi nakula sauti yako."

"Ai, Ken! Hayo maneno umeokota wapi?"

Mwanzoni Mumbi aliichukulia kilti kama mzaha. Ndipo Jumapili moja Ken akamtandazia mezani, akamwonyesha jinsi kila mraba unavyokutana na mwenzake kwenye mkunjo, hata ukitembea mstari mweupe haupotei. Akamsimulia jinsi mfalme mmoja wa Scotland alivyopiga marufuku jina la MacGregor, hata mtu akijiita hivyo aweze kuuawa, na jinsi ukoo wao ulivyowindwa milimani. Wengi walijiita majina ya majirani kwa vizazi na vizazi, huku wakiwanong'oneza watoto wao wenyewe ni akina nani. Siku jina liliporudishwa, watoto wale walikuwa bado wanajijua.

Mumbi alipitisha kiganja juu ya sufu ile nzito. Aliona aibu kidogo kwa vicheko vyake. Watu waliokataa kusahaulika aliwajua. Hata kwao wapo.

"Ni kizuri," alisema mwishowe. "Kizuri kweli."

Nyumba ambayo Ken aliiheshimu kuliko zote ilikuwa ya Nyanya Elspeth, dada mdogo wa babu yake, mjane wa miaka themanini na ushee aliyehamia Minnesota akiwa bado kijana. Ndiye aliyemwandikia Ken kutoka mbali, akamwambia njoo, wewe ni wetu. Ken alipokaribia siku ya kuzaliwa, mwezi wa Oktoba, Nyanya alisema chakula kitaliwa kwake, na huyo msichana aje aonekane.

Mumbi alitaka aonekane vizuri. Bila kumwambia Ken alitafuta tartani, akampelekea Pascasie, fundi Mkongomani wa kule Inver Grove Heights, amshonee gauni. Nyekundu aliziona nyingi, lakini macho yake yakaangukia moja ya kijani kibichi na samawati iliyokolea, yenye utulivu kama msitu baada ya mvua. Karatasi yake ilisema Campbell. Mumbi alidhani ni jina la kiwanda.

"*Mon Dieu*, dada, hii robe itamumaliza bwana," Pascasie alimwambia akimzungusha mbele ya kioo. Kiuno kilibana, rinda likamwagika hadi chini ya magoti, na shingoni akamwekea mkufu wa shanga nyeupe.

Mumbi alipovua koti sebuleni kwa Nyanya Elspeth, mazungumzo yalikatika. Mzee mmoja aliweka glasi chini. Nyanya mwenyewe, mwembamba, nywele nyeupe kama pamba, aliliangalia lile gauni, midomo ikaanza kumtetemeka, akainuka akaingia jikoni bila salamu.

Ken alivua jaketi lake haraka, akamfunika Mumbi mabega mbele ya watu wote.

"Jifunike, tafadhali," alinong'ona. "Usilivue."

"Kwani nini?"

"Hiyo ni tartani ya kina Campbell. Hao ndio walituwinda. Nyanya ameumia."

Mumbi alihisi uso umewaka moto. Alilivua lile jaketi polepole, akaliweka juu ya kiti, akachukua koti lake na kutoka. Ken alimfuata hadi mlangoni, lakini gari lilikuwa limeshang'oka.

Simu zake hazikupokelewa siku nyingi. Alipopokea, Mumbi alikuwa kwenye korido ya hospitali, amejibanza kando ya dirisha.

"Umenionea haya, Ken."

"Sikukuonea haya, mpenzi. Nilikuwa nakulinda."

"Ulikuwa unalinda nani? Mimi ama kitambaa?"

Ken akaanza kujieleza, Mumbi akamkatiza.

"Ungeniambia kando. Ungecheka, ningecheka, ningebadilisha nguo. Lakini ulinifunika kama kidonda. Kaa na ukoo wako." Akakata, akajifuta macho, akarudi kwa wagonjwa wake.

Lynette hakumwonea huruma. "Unampenda?"

"Si hiyo ndiyo shida?"

Kisha ikaja simu nyingine, ya namba asiyoijua. Sauti ilikuwa ya mwanamke mzee, Kiingereza chake kikiviringisha kila herufi ya *r*. Alikuwa Nyanya Elspeth. Alisema anamwomba Mumbi aje anywe chai, na kama hajalichoma moto, aje na lile gauni.

Mumbi alikwenda alasiri, akiwa amelibeba gauni. Nyanya alimkalisha karibu na dirisha, akafungua kabati na kutoa picha ya harusi. Bibi harusi alikuwa yeye, ana shali nyekundu ya MacGregor begani. Bwana harusi alicheka kwa meno yote, amevaa kilti ya kijani na samawati.

"Archie wangu," alisema. "Archie Campbell. Baba yangu alikataa kuja kanisani. Tulihamia huku ili tupendane kwa amani."

Mumbi alimtazama kwa mshangao. "Lakini wewe ni MacGregor."

"Jina letu liliwahi kukatazwa na mfalme, mwanangu. Archie hakutaka nilikatae kwa mkono wangu nilipoolewa. Alipokufa nilifungia vitu vyake vyote, sikuweza kuvitazama. Ken alikuja baadaye, kwake Archie ni jina tu, ukoo wake hakuujua. Siku ile ulipovua koti, nilimwona Archie ameingia mlangoni. Nilikwenda jikoni kulia kwa furaha, niliporudi umeondoka, na yule mjinga amesimama na jaketi mkononi."

Akatoa shali nyekundu kabatini, na chini yake kilti ya kijani. "Vimelala rafu moja maisha yetu yote. Havijagombana."

Mumbi alimkumbatia, wote wawili wakalia, kisha wakacheka kwa kuwa chai ilikuwa imepoa.

Ken alifika kabla hawajamaliza kikombe cha pili. Nyanya alikuwa amemwita. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Nilikosea, Mumbi. Niliogopa hawa watu wasije wakaniona si wao, kwa sababu maisha yangu yote naulizwa MacGregor wa wapi. Hata wewe uliniuliza. Nikakutoa wewe ili mimi nibaki ndani."

Mumbi aliweka kikombe chini. Hayo hakuyatarajia, na yalimgusa. Lakini hakulegea.

"Nimekusamehe. Ila ulinidhalilisha mbele za watu, Ken. Jipange."

Jumapili iliyofuata, ibada ya Kiswahili kanisani kwa kina Mumbi ilipofika kwenye matangazo, Mchungaji Nahashon alimwita mgeni. Ken alipita katikati ya viti, kilti nyekundu ikipepea na theluji ya kwanza ikiyeyuka kwenye soksi zake. Watoto walisimama juu ya viti kumwona. Nyuma kabisa, kando ya Lynette, aliketi Nyanya Elspeth.

"Wapendwa, Bwana asifiwe," Ken alisema. "Nilimdhalilisha dada Mumbi kwa sababu ya gauni zuri kuliko yote niliyowahi kuona. Naomba msamaha mbele yenu. Na nikiwa bado nimesimama..." Akapiga goti, akasahau kilti, akaishika haraka kanisa likiangua kicheko. "Mumbi, utaolewa na mimi?"

Mumbi alikuwa amevaa lile gauni la kijani. Alisimama.

"Baba yangu yuko Thogoto, yeye ndiye utaenda kumwomba, na uende na suruali," alisema. "Lakini mimi, Ken, nimekubali."

Vigelegele vikalipuka. Nyanya Elspeth, asiyejua neno moja la Kiswahili, alimvuta Lynette mkono. "Amesema nini? Amesema nini?"

"Amekubali, Nyanya!"

Kikongwe akainuka, akashika kiti cha mbele, akafungua mdomo na kujaribu kigelegele cha kwanza maishani mwake. Kilitoka kibaya, kama zumari iliyotoboka, na kina mama wote wa kanisa wakakiitikia.