Tarehe Aliyoisogeza Mume Wangu

– Samahani, leo jina lako halipo.

Dada wa mapokezi aliangalia tena kompyuta yake. Nilikuwa nimesimama na kimfuko changu cha nguo, sijala tangu jana jioni.

– Halipo vipi? Si leo, Machi kumi na nane?

– Ilikuwa leo. Imesogezwa mpaka Septemba. Mume wako alipiga simu wiki iliyopita.

Nikageuka. Methodius alikuwa nyuma yangu, anaangalia viatu vyake vilivyolowa theluji.

– Methodius, anasema nini huyu?

– Twende kwenye gari, Otilia.

– Nimekuuliza, anasema nini?

– Anasema kweli.

Hiyo ilikuwa 2014, hapahapa Toronto. Miaka imepita, lakini bado naviona vile viatu.

Nilikuja Kanada 2007, kumlelea dada yangu Clara watoto wake kule Pickering. Nina darasa la saba tu. Kiingereza nilikuwa nakisikia nusu, kukisema naona aibu. Jumapili moja nimesimama mlangoni mwa ukumbi wa kanisa, Mount Dennis, mtu wa benki ananimiminia maneno kwenye simu, nami naitikia tu. Kijana mmoja, Mhaya mwenzangu, akanyoosha mkono.

– Lete hiyo simu.

Akaongea, akakata, akaanza kucheka.

– Wameuliza mimi ni nani wako.

– Ukasemaje?

– Nimesema mume.

– Mwongo wewe!

– Basi wapigie uwasahihishe.

Sikuwapigia. Tangu siku hiyo kila simu ya Kiingereza ilikuwa yake: benki, mwenye nyumba, hospitali. Siku zile za mwanzo nilijiona malkia. Anaongea huku amenishika mkono, na akimaliza ananisimulia kwa Kiswahili kama hadithi, anaigiza na sauti zao. Nilikuwa nacheka mpaka nakaa chini.

Halafu Clara akaugua kansa ya kizazi, ana miaka arobaini. Akatibiwa, akapona. Madaktari wakatuuliza kuhusu mama. Nyumbani tulifundishwa kusema alikufa kwa tumbo. Walipotupima damu wakakuta mimi na Clara tumerithi kasoro ileile.

– Karibu nusu ya wanawake wenye hali hii hupata kansa ya kizazi, – daktari aliniambia, Methodius akinitafsiria. – Hatukulazimishi. Ukitaka mtoto, jaribu sasa, sisi tutakupima kila mwaka. Ukimaliza, tunaweza kukitoa kabla hakijaugua.

Tulifunga ndoa 2012, tukajipa miaka miwili. Kila mwezi Methodius haulizi, ananiangalia tu usoni, nami natikisa kichwa. Miaka miwili ikaisha. Nikasema sasa basi, nina thelathini na nne, nataka kuishi. Akanipigia yeye hospitali, nikapewa Machi kumi na nane.

Sasa tuko kwenye gari, hajawasha hata injini.

– Ulikuwa unasubiri nini? – nikamuuliza. – Nilale kwanza kitandani?

– Nilitaka kukuambia jana. Nikashindwa. Nikasema nitakuambia barabarani.

– Ukaona bora niambiwe na mapokezi.

– Miezi sita tu, mke wangu. Pengine safari hii...

– Na kama kansa ikianza ndani ya hiyo miezi sita?

– Si walikupima Januari, uko safi?

– Clara naye alijiona mzima mpaka siku aliyoambiwa.

– Mama ananiuliza kila Jumapili, Otilia. Nimwambie nini?

– Mama yako anakuuliza mtoto. Mimi mama yangu nilimfulia vitambaa. Nina miaka kumi na nne, navianika nyuma ya nyumba watu wasione damu. Unajua nilikuwa naanika vingapi kwa siku?

Hilo sikuwahi kumsimulia.

– Nipeleke Pickering.

Nilikaa kwa Clara siku tisa. Meseji zikawa zinaingia:

"Umekula?"

"Leo nimepika ndizi, zimeungua."

"Rudi hata unitukane."

Sikujibu. Usiku nakumbuka alivyokuwa ananivisha glovu kidole kimojakimoja, baridi yangu ya kwanza, nageukia ukutani.

– Mdogo wangu, nikupigie mimi hospitali, – Clara akasema. – Dakika mbili tu.

– Hapana, dada. Nitapiga mwenyewe.

Nikayaandika maneno kwenye karatasi. Watoto wa Clara, wanaoelewa Kiswahili ila hujibu Kiingereza, wakanisahihisha huku wanacheka mpaka machozi. Nikapiga, karatasi mkononi.

– Mimi ni Otilia. Nataka tarehe ya karibu. Na kuanzia leo mtaongea na mimi tu.

Kuna mtu alikuwa ameahirisha yake, nikapewa nafasi hiyo. Nikamwandikia Methodius: "Ni Aprili 29. Nimepiga mwenyewe. Ukitaka kuja, njoo."

Baada ya saa moja na nusu kengele ya mlango ikalia.

– Shemeji Clara, naomba nizungumze na mke wangu.

– Zungumza hapohapo nje, kuna hewa safi.

– Dada! – nikasema. – Mpishe.

Clara akatupisha, lakini si mbali.

– Otilia, mtoto nataka. Siwezi kukudanganya kwamba nimeacha kutaka.

– Najua.

– Lakini siku tisa hizi nyumba ilikuwa kimya, na niliyekuwa namtafuta ni wewe.

– Uliniamulia mwili wangu, Methodius. Ukatumia simu niliyokuamini nayo.

– Ndiyo. Nimekosa. Sina la kujitetea.

Nikamwangalia. Masikio yake yalikuwa yameganda kwa baridi, kofia kasahau.

– Ingia ndani. Usije ukaugua, nikaanza kukuuguza wewe.

Aprili 29 alinisindikiza mpaka pale walipomzuia. Wiki tatu baadaye daktari alipiga. Nilipokea mwenyewe, nikamsikiliza mpaka mwisho, nikashukuru, nikakata.

– Wanasemaje? – Methodius akauliza.

– Wamekipima chote. Kilikuwa safi.

– Safi kabisa?

– Safi. Hakukuwa na kitu.

Akakaa kwenye kochi, akafunika uso, akalia. Nilijua analia kwa mambo mawili, na la pili ni mtoto ambaye pengine angekuja. Hakulitamka, nami sikumuuliza. Nilikaa taratibu pembeni yake, mshono bado unauma, nikalia kwa hayohayo mawili.